Sindano ya Kuyeyusha Bonge la Damu: Niliyoyaona Idara ya Dharura

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura, na kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaochoma sindano ya kuyeyusha mabonge ya damu. Hakuna dawa ninayoiheshimu kuliko hii katika kabati letu lote. Nimeona ikimrudisha mtu aliyekuwa ameshaanza kuwausia wanawe. Nimeona pia damu ikivuja kichwani mwa mtu aliyeingia akizungumza vizuri, kwa sababu ya dawa hiyohiyo. Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mpaka siku wamelala kitandani, na ndilo linalonifanya niandike: mafanikio ya sindano hii hayategemei kichupa peke yake. Yanategemea sana saa ambayo mgonjwa amefika, na ukweli wa majibu anayotupa yeye na jamaa zake.

Mgonjwa wa maumivu ya kifua akiletwa, kabla hajalazwa vizuri, huwa namuuliza: "Yalianza saa ngapi?" Wengi hujibu, "Tangu jana," au "Muda kidogo." Nauliza tena kwa upole. Ulikuwa unafanya nini yalipoanza? Jua lilikuwa limeshazama? Taarifa ya habari ilikuwa imeanza? Jamaa huona kama nawachelewesha, na mwingine atasema, "Sista, mpeni dawa kwanza, maswali baadaye." Namwelewa. Lakini saa hiyo ndiyo itakayotuambia kama dawa itamfaa, na itamfaa kiasi gani.

Moyo una mishipa yake yenyewe inayoulisha. Ndani ya mishipa hiyo mafuta hujijenga ukutani kwa miaka bila mtu kuhisi lolote. Siku moja utando unaofunika mafuta hayo unapasuka. Mwili unachukulia kwamba kuna jeraha, unapeleka chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani na nyuzi za protini iitwayo fibrini kuliziba, na bonge linalotokea linaufunga mshipa mzima. Nyama ya moyo iliyo mbele ya bonge inakosa oksijeni. Baada ya kama nusu saa seli zinaanza kufa, na vifo hivyo vinaendelea saa baada ya saa. Nyama iliyokufa haioti tena, panabaki kovu ambalo halisukumi damu.

Ndiyo maana saa ina uzito. Mwaka 1994 watafiti walijumlisha matokeo ya majaribio makubwa tisa ya dawa hizi, yenye wagonjwa wapatao 58,600. Kwa wagonjwa ambao kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kilionyesha dalili za mshipa kuziba kabisa, waliotibiwa ndani ya saa 6 tangu maumivu kuanza walinusurika zaidi kwa takriban watu 30 katika kila 1,000. Waliotibiwa kati ya saa ya 7 na ya 12, takriban 20. Uchambuzi mwingine wa mwaka 1996 uliziangalia zile saa za mwanzo peke yake: waliopata dawa ndani ya saa ya kwanza, waliookolewa walifika kama 65 katika kila 1,000. Baada ya saa 12, faida inafifia huku hatari ya kuvuja damu ikibaki palepale, kwa hiyo kwa kawaida haitolewi tena.

Nimesikia kila sababu ya kuchelewa. Alidhani ni gesi. Alidhani ni vidonda vya tumbo, akanywa maziwa, akalala. Alisubiri kupambazuke asiwasumbue watu. Alimsubiri mtoto mkubwa arudi kazini ndiye aamue. Akina mama na wenye kisukari ndio wanaoniumiza roho zaidi, kwa kuwa mara nyingi kifua hakiwaumi kwa namna wanayoitarajia: wanaishiwa pumzi, wanatoka jasho la baridi, wanasikia kichefuchefu, taya au mkono unakuwa mzito. Wanafika wakiwa wametembea na bonge hilo mchana kutwa. Hakuna hata mmoja wa kulaumiwa hapo. Ila ningependa kila mwenye nyumba ajue kwamba jasho la baridi pamoja na kifua kubana ni jambo la kukimbiza hospitali usiku huohuo.

Dawa yenyewe ina historia ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wa uuguzi wanapokuja kwetu. Mwaka 1933, huko Baltimore nchini Marekani, daktari wa Johns Hopkins aitwaye William Tillett alitangaza pamoja na mwenzake jambo waliloliona kwenye vichupa vya maabara. Walichanganya bakteria wa streptokokasi na utegili wa damu ya binadamu, yaani majimaji yake yasiyo na chembe. Utegili uliganda kama ilivyotarajiwa, kisha baada ya muda ukarudi kuwa maji. Bakteria walikuwa wanatoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Kitu hicho baadaye kikaitwa streptokinesi. Tillett na Sol Sherry walianza kwa kukitumia kwa watu waliojaa usaha na damu iliyoganda kifuani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Sherry na wenzake wakakijaribu kwa wagonjwa wa moyo.

Kuanzia hapo mpaka dawa ikubalike duniani ilipita zaidi ya robo karne. Jaribio la GISSI la Italia, lililotangazwa mwaka 1986 na kuhusisha wagonjwa 11,806, ndilo lililowashawishi wengi: waliopata streptokinesi walikufa asilimia 10.7 katika siku 21, wasioipata asilimia 13. Miaka miwili baadaye likaja jaribio la ISIS-2 lenye wagonjwa 17,187. Hilo lilinifundisha jambo ambalo silisahau kazini. Waliopata streptokinesi pamoja na kidonge cha aspirini, vifo vya moyo na mishipa vilikuwa asilimia 8 katika wiki tano. Wasiopata chochote kati ya hivyo viwili, asilimia 13.2. Aspirini ya kutafuna, kitu kidogo hivyo, peke yake ilikuwa na faida inayokaribia ya sindano. Kwa hiyo mgonjwa wangu hutafuna aspirini hata kabla unga wa sindano haujachanganywa, isipokuwa kama ana mzio nayo au anavuja damu.

Hapa watu huchanganyikiwa, na wana haki. Aspirini haiyeyushi bonge. Inazuia chembe sahani zisizidi kushikana. Heparini nayo haiyeyushi. Inazuia damu isiendelee kuganda. Sindano tunayoizungumzia inafanya kazi nyingine. Katika damu ya kila mmoja wetu inaelea protini iitwayo plasminojeni, ambayo imelala. Dawa inaiamsha, inakuwa plasmini, na plasmini inazikata zile nyuzi za fibrini zilizoshikilia bonge. Mwili wenyewe unao uwezo huo na huutumia kila siku kwa mabonge madogo. Kina mama na kina baba wakiniuliza, "Mnamwekea nini huyu?" huwa nawaambia kwamba tunaharakisha kazi ambayo mwili wake ungeifanya, lakini ungeifanya umeshachelewa.

Tatizo ni kwamba plasmini haina macho. Haijui kama fibrini inayoikata imeziba mshipa wa moyo au imeziba kidonda cha tumbo kilichofunga wiki iliyopita. Hapo ndipo maswali yetu yanapotokea, na hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Kuna mzee mmoja nisiyemsahau. Aliletwa na wanawe wa kiume, watu wazima wenye heshima zao, wamemzunguka kitanda chote. ECG ilikuwa wazi kabisa. Daktari aliniambia niandae dawa huku yeye akiuliza maswali, na mimi nikiwa pembeni nafungua kasha. Umewahi kupata kiharusi? Hapana. Umewahi kuvuja damu kichwani, au kuambiwa una uvimbe kwenye ubongo? Hapana. Umefanyiwa upasuaji mkubwa au kuumia kichwa mwezi huu? Hapana. Unatumia dawa ya kuzuia damu isigande? Hapana. Umetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami? Mzee akatazama wanawe, kisha akasema kwa sauti nzito, "Hapana, daktari. Tumbo langu liko salama."

Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, hajasema neno tangu waingie. Nilipopita kuchukua maji ya kuchanganyia akanishika mkono. "Sista, naomba nikwambie kitu. Wiki iliyopita alipata choo cheusi siku mbili. Hakutaka watoto wajue, wangemnyang'anya vidonge vyake vya magoti." Nilimuuliza, "Mama, una hakika?" Akajibu, "Mimi ndiye niliyekiona."

Vidonge vile vya maumivu ya viungo vinajulikana kwa kutoboa tumbo taratibu. Nikarudi, nikamnong'oneza daktari, naye akaweka kalamu chini. Choo cheusi ndani ya mwezi mmoja ni kuvuja damu tumboni, na ni miongoni mwa mambo yanayotuzuia kabisa kutoa dawa hii. Tulimpigia simu daktari wa hospitali yenye chumba cha kuzibua mishipa ya moyo kwa puto dogo linalopitishwa ndani ya mshipa, tukampandisha gari la wagonjwa, akazibuliwa huko. Alirudi baadaye kwenye kliniki akitembea kwa miguu yake, na safari hii alikuja na mkewe tu.

Tangu siku hiyo nawaomba jamaa watupishe kwa dakika moja kabla ya maswali. "Wanangu, naomba mnipishe kidogo na baba." Watu wazima wana siri za mwili wanazowaficha watoto wao, na watoto wana siri wanazowaficha wazazi. Binti anaweza kuwa mjamzito na hakuna ajuaye. Kijana anaweza kuwa alipigwa kichwani juzi na amesema nyumbani kwamba alianguka. Mgonjwa akiwa peke yake anasema, na tukipewa jibu la kweli tunajua njia ya kupita. Kutoipata sindano hii hakumaanishi kuachwa ufe. Kuna puto, kuna heparini, kuna kuhamishwa haraka. Kuipata huku umeficha jambo ndiko kunakotisha.

Swali jingine ambalo jamaa hawalielewi ni lile la mgongo. Tunauliza kama maumivu yalikuja ghafla kwa nguvu zote, kama kitu kinachanika, yakaenda mgongoni, na tunapima presha mikono yote miwili. Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo unaweza kuchanika ukuta wake wa ndani na kuleta maumivu yanayofanana na ya shambulio la moyo. Mtu huyo ukimpa dawa ya kuyeyusha damu, umemmaliza. Presha ikiwa imepanda juu ya 180 kwa 110 na haitaki kushuka, hapo pia tunasita, kwa sababu ya hatari ya damu kuvuja kichwani.

Yakishapita maswali, mikono inaenda haraka. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2017 unataka sindano iingie ndani ya dakika 10 tangu ECG isomwe, kama puto haliwezi kupatikana ndani ya dakika 120. Dakika 10 ni chache mno kwa mtu anayetafuta funguo za kabati. Sisi tunaweka kila kitu kwenye kisanduku kimoja, na kila zamu inakikagua.

Dawa tunayoitumia zaidi siku hizi ni tenekteplesi. Ni mtoto wa alteplesi, ambayo nayo ilitokana na kazi ya Désiré Collen na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, juu ya protini ambayo mwili wenyewe huitoa kuyeyusha mabonge. Alteplesi iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa ugonjwa wa moyo. Kasoro yake ni kwamba inaisha kwenye damu ndani ya dakika chache, hivyo lazima iendelee kuingia kwa dripu. Tenekteplesi inakaa zaidi, kwa hiyo unaisukuma mara moja tu. Inakuja ikiwa unga mweupe uliokauka chini ya kichupa. Naingiza maji yake polepole yakipita ukutani mwa kichupa, kisha nakizungusha kati ya viganja mpaka unga uyeyuke wote. Hakitikiswi, kwa sababu kinajaa povu na hutajua umevuta kiasi gani. Kipimo kinafuata uzito: chini ya kilo 60 ni miligramu 30, kilo 90 na zaidi ni miligramu 50, na katikati inapanda miligramu 5 kwa kila kilo 10. Waliotimiza miaka 75 mara nyingi hupewa nusu, ili kukilinda kichwa.

Kuna jambo moja ambalo namwonyesha kila muuguzi mgeni kwa macho yake. Tenekteplesi haipatani na dripu ya glukosi. Zikikutana ndani ya mrija, dawa inajitenga na kuwa chembechembe, na mgonjwa hapati alichopaswa kupata. Kwa hiyo nasafisha kanula, kile kimrija kilichoingizwa kwenye mshipa wa mkono, kwa maji ya chumvi, nasukuma dawa kwa sekunde tano hadi kumi, nasafisha tena. Dawa iliyotafutwa kwa miaka yote hiyo inaingia kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Kila tundu tunalohitaji tunalitoboa kabla. Kanula mbili mikononi, damu ya vipimo imeshachukuliwa. Baada ya hapo hatumchomi tena bila sababu, hatumchomi sindano ya nyama, hatumnyoi kwa wembe. Nasema haya kwa sababu mara kwa mara tunapokea mgonjwa aliyepitia kwanza kwenye zahanati ya karibu, akachomwa sindano ya kutuliza maumivu kwenye tako. Nia ilikuwa njema. Lakini tukishampa dawa ya kuyeyusha, lile tundu dogo linaweza kuvimba kwa damu mpaka ashindwe kukalia upande huo. Kama kifua kinabana na unatoka jasho, usikubali sindano ya tako njiani. Omba ECG na aspirini, kisha omba kupelekwa mbele.

Halafu tunasubiri, na kwangu huo ndio wakati mrefu kuliko wote. Nakaa karibu na kitanda, napima presha kila baada ya dakika chache, nauliza maumivu yako wapi sasa katika kumi. Mara nyingine jibu linashuka mbele ya macho yangu: nane, sita, tatu. Nakumbuka dada mmoja aliyekuwa amemshika babake mkono, mara monita ikabadilika, mapigo yakawa mapana na ya ajabu. Akapiga kelele, "Sista, moyo wake unaharibika!" Nilimwambia atulie, nikabaki nimekitazama kioo. Mshipa unapofunguka na damu kurudi ghafla, moyo mara nyingi hupiga hivyo kwa muda, kisha hutulia wenyewe. Ulitulia. Baba yake akauliza kama anaweza kupata maji ya kunywa.

Kati ya dakika 60 na 90 tunarudia ECG. Tunatafuta ule mstari wa ECG uliokuwa umeinuka kwa sababu ya mshipa kuziba ushuke angalau nusu. Usiposhuka, tunahesabu kwamba bonge limekataa, na mgonjwa anahitaji puto la haraka. Hili si jambo la nadra. Katika utafiti wa GUSTO wa mwaka 1993, kwa wagonjwa waliochunguzwa mishipa yao dakika 90 baada ya kuanza alteplesi, damu ilikuwa inapita sawasawa kwa 54 tu katika kila 100. Hata aliyefanikiwa anapaswa kupelekwa kuchunguzwa mishipa ndani ya saa 24, kwa kuwa bonge limeyeyuka lakini yale mafuta yaliyopasuka bado yapo ukutani. Jamaa wakiona mgonjwa anacheka na kuomba chakula, wanataka arudi nyumbani. Nawasihi wasimchukue.

Sasa niseme lile gumu. Takriban mgonjwa mmoja katika kila 100 wanaopewa dawa hii kwa ajili ya moyo huvuja damu kwenye ubongo. Wako hatarini zaidi wazee, wanawake, wenye mwili mdogo na wenye presha. Nilimhudumia mama mmoja ambaye majibu yake yote yalikuwa sawa na presha yake ilikuwa imeshushwa vizuri. Alipata nafuu ya kifua. Baada ya muda akaniambia kichwa kinamuuma na mwanga unamkera. Kisha akatapika, na maneno yakaanza kugongana mdomoni. Tulisimamisha heparini papo hapo, tukamkimbiza kwenye CT, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, na picha ilionyesha tulichokiogopa. Hakuiona wiki iliyofuata.

Mwanawe alirudi baadaye kunitafuta. Hakuja kwa ugomvi. Aliniuliza, "Sista, tungekataa ile sindano, mama angekuwepo?" Nilikaa naye nje kwenye benchi, nikampa hesabu kama ninavyoijua: kwamba kwa mshipa ulioziba namna ile, hatari ya kufa bila dawa ilikuwa kubwa kuliko hatari ya dawa, na kwamba hakuna aliyeweza kumjua mapema yule mmoja katika mia. Nilimweleza pia kwamba alipotia saini ya kukubali sindano alitia kwa kumpenda mama yake. Alilia, na mimi nililia. Kuanzia hapo ninapoeleza hatari, siisemi harakaharaka katikati ya maneno mengine. Naisema peke yake, namtazama mtu usoni, nasubiri anijibu.

Kwenye kiharusi dawa ni ileile lakini sheria ni kali zaidi. Kiharusi cha mshipa kuziba na kiharusi cha mshipa kupasuka vinafanana ukiviangalia kwa macho: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki. Kwa hiyo hakuna sindano kabla ya picha ya CT, na tunapima sukari kwanza, maana sukari iliyoshuka huweza kumwiga mgonjwa wa kiharusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliweka mpaka wa saa 3 tangu dalili kuanza, na wa Ulaya wa mwaka 2008 ukausogeza hadi saa 4 na nusu.

Na saa hapa haihesabiwi tangu mlipomkuta. Inahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Mtu aliyelala mzima saa nne usiku akaamka mdomo umepinda, tunahesabu tangu saa nne usiku, labda kama hospitali ina kipimo cha MRI kinachoweza kutusaidia kuukisia umri wa kiharusi. Nimewahi kuwa na ndugu watatu wanaobishana juu ya mama yao: mmoja anasema alimwona asubuhi akifagia, mwingine anasema yule alikuwa jirani. Mdogo wao akatoa simu. Mama alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti saa moja na dakika kumi asubuhi, anamkumbusha jambo, maneno yamenyooka kabisa. Tuliusikiliza sote tumesimama. Ulitosha. Alipewa alteplesi: sehemu moja ya kumi kwa dakika ya kwanza, iliyobaki kwa dripu ya saa moja, nasi tukimwangalia kila robo saa. Tunaangalia mpaka ulimi. Wanaotumia baadhi ya dawa za presha, zile zinazojulikana kwa kuleta kikohozi kikavu, ulimi huweza kuvimba upande mmoja na kuziba njia ya hewa.

Bonge la mapafuni nalo lina desturi yake. Wengi wenye bonge hilo hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu isigande tu, wakapona. Sindano ya kuyeyusha tunaiweka kwa yule ambaye presha imeanguka na moyo umeshindwa kusukuma damu kupita kizuizi. Ndiyo maana ndugu akisema, "Jirani yetu alipewa, mbona huyu mnamnyima?" jibu mara nyingi ni kwamba huyu hayuko kwenye hali ile, na kumpa ni kumwingiza kwenye hatari bila faida. Hata kwenye moyo ni hivyo: kuna mashambulio ambayo mshipa haujaziba kabisa, ECG haionyeshi ule mstari ulioinuka, na kwa hao majaribio yameonyesha kwamba kuyeyusha hakusaidii.

Siku ya kuruhusiwa huwa napitia barua ya mgonjwa pamoja naye. Nataka iwe na jina la dawa aliyopewa, tarehe, na nakala ya ECG yake ya mwisho, kwa sababu daktari atakayempokea siku nyingine atahitaji kulinganisha. Kwa waliopewa streptokinesi, ambayo sehemu nyingi bado ndiyo iliyopo, naandika kwa herufi kubwa. Dawa hiyo inatoka kwa bakteria, mwili unatengeneza kingamwili dhidi yake, na zinaweza kudumu miaka. Akirudi na mshipa mwingine umeziba apewe aina nyingine, na atakayejua hilo usiku huo ni yule aliyeshika barua. Kwa hiyo simpi mgonjwa peke yake; nampa pia anayelala naye nyumba moja, na namwomba anisomee jina la dawa kwa sauti kabla hawajaondoka.